Ukuta Unaoliwa na Chumvi: Shajara ya Safari kutoka Malindi hadi Lamu

Jumamosi, Malindi

Kazi iliyonitoa Mombasa ni ya nyumba moja iliyoko mtaa wa Mkomani, Lamu, ambayo wenyewe ni ndugu watano walioirithi kwa marehemu mama yao na ambao hawajaafikiana kama waikalie, waipangishe au waiuze. Waliloafikiana ni moja tu: kabla ya shilingi nyingine kutumika, aje mtu asiye wa ukoo azitazame kuta za chini, kwa sababu lipu iliyopigwa miaka michache iliyopita imebambuka tena na jiwe lililo nyuma yake linageuka unga. Nimeamua kupitia Malindi na Gedi kwanza, kwa kuwa mawe ya huku ni ya aina moja na yale ya Lamu ilhali mazingira ni tofauti, na maradhi ya ukuta hutambulika vyema zaidi mtu akiyaona mahali kadhaa kuliko akiyakodolea macho mahali pamoja.

Asubuhi nilianzia kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Msalaba ulio kileleni ulichongwa kwa mawe ya chokaa yaliyotoka Lisbon, na kile kinachoubeba, chenye umbo la pia iliyogeuzwa, kilijengwa baadaye kwa matumbawe ya hapa hapa kikapakwa chokaa nyeupe. Wageni huutazama msalaba. Mimi niliutazama mwamba. Rasi ile ni tumbawe la kale lililoinuka juu ya maji, na mawimbi yameuchimba mwamba kwa chini hata sehemu zake zinaning'inia, kwa hiyo mashaka ya nguzo hayako katika nguzo yenyewe bali katika kile inachokikalia. Chokaa ya upande wa bahari ilikuwa imechubuka kwa vidoa vidogo vidogo, na ya upande wa bara ilikuwa karibu nzima. Tofauti hiyo niliiandika, kwa maana upepo wenye rasharasha ya chumvi haupigi pande zote sawasawa.

Mawe yanayotumika katika majengo haya ni ya aina mbili, na anayezichanganya hawezi kutengeneza chochote kikadumu. Ya kwanza ni mawe yanayochimbwa nchi kavu, katika miamba iliyokuwa chini ya bahari zamani za kale. Ni magumu, yana matundu makubwa, hayachongeki kwa ustadi, nayo ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya kila ukuta. Ya pili ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa hai, hasa lile linaloota kwa mafungu makubwa ya mviringo ambalo wanasayansi huliita Porites. Hilo likiwa bichi hukatika na kuchongeka kwa urahisi, na likikaa juani na hewani hushika likawa gumu, ndiyo maana mihirabu, miimo ya milango na nakshi za makaburi zilichongwa kwalo. Aina hii ya pili haipatikani tena kwa ukarabati, wala haifai ipatikane: maji ya Malindi na Watamu ni hifadhi za taifa za bahari tangu 1968, na tumbawe hai lina kazi kubwa zaidi likiwa baharini. Maana yake ni kwamba kila kipande kilichochongwa kinachoanguka leo hakina mbadala wake.

Jioni nilikwenda kwenye kanisa dogo la Wareno la karne ya 16, katika mji huu ambao mmisionari Francis Xavier aliupitia mwaka 1542 akiwa safarini kwenda India. Ni chumba kifupi chenye paa la makuti, na nilipokizunguka nikaona kwamba kuta zake ni kavu kutoka juu hadi karibu na ardhi, kwa sababu makuti yametokeza mbele na kumwaga maji ya mvua mbali na ukuta. Sijapata kusoma ripoti ya mhandisi yeyote inayopendekeza makuti, nami nadhani wahandisi wanakosea.

Jumapili, Gedi

Gedi iko kusini mwa Malindi, mwendo wa kilomita 16 hivi, ndani ya msitu na mbali kidogo na bahari. Ndiyo maana nilitaka kuiona kabla ya Lamu, maana hapa chumvi si adui mkuu. Mji huu uliostawi kwa karne kadhaa ulihamwa katika karne ya 17, mapaa yake yakaanguka, na tangu hapo kila ukuta umekuwa wazi kwa juu. Mvua inaingia kileleni, inashuka kati ya mawe, na kwa kuwa maji ya mvua yana tindikali kidogo inayotokana na hewa ya kaboni, yanayeyusha chokaa ya kushikia mawe polepole na kuishusha chini. Ukitazama ukuta uliobomoka hivi karibuni utayakuta mawe yenyewe ni mazima kabisa. Kilichokwisha ni kile kilichokuwa kati yao.

Uchimbaji mkubwa wa Gedi ulianzishwa na James Kirkman mwaka 1948, na mwaka 2024 magofu haya yaliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watu wengi hudhani kwamba jengo likishafukuliwa limeokolewa, ilhali kwa ukuta kufukuliwa ni mwanzo wa mashaka mapya: lipu iliyokaa gizani ndani ya udongo kwa karne tatu, katika unyevu usiobadilika, inatolewa ghafla kwenye jua, mvua na mizizi. Kwa sababu hiyo vilele vya kuta nyingi vimefunikwa kwa tabaka la mawe madogo na chokaa lenye mteremko, ili maji yateleze yasiingie. Kazi hiyo haipigwi picha na mgeni yeyote, nayo ndiyo inayoisimamisha Gedi.

Kuhusu miti nilizungumza kwa muda mrefu na mlinzi mmoja aliyenisindikiza. Mizizi ya mikuyu imeshuka juu ya kuta, mingine imepenya katikati na kuzipanua, na mtu wa haraka angesema ikatwe yote. Lakini mzizi mnene ukikatwa huoza, na ukioza huacha uwazi ndani ya ukuta ambao ulikuwa umeuzoea kama nguzo. Ukuta uliostahimili mti ukiwa hai huweza kuanguka baada ya mti kufa. Zaidi ya hayo, kivuli kinazuia jua kali lisiukaushe ukuta kwa pupa baada ya kila mvua. Kila mti unahukumiwa peke yake. Mche mchanga uliomea kileleni mwaka huu ung'olewe leo kwa vidole, na mti mkubwa uachwe ukipunguzwa matawi.

Nilikaa zaidi kwenye kaburi lenye tarehe, ambalo limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka huo haukuchongwa kwenye jiwe. Umechorwa katika lipu. Katika kazi yangu ninawaambia wenye nyumba daima kwamba lipu ya chokaa ni nguo ya ukuta, iliyowekwa ichakae ili mwili usichakae, na kwamba wasiilie ikianguka. Hapa maneno hayo hayasemeki, kwa maana nguo yenyewe ndiyo hati: ikibambuka sehemu ya upana wa kiganja, magofu yanapoteza tarehe yake iliyo bayana kuliko zote. Kwa hiyo kabla ya kuamua kitu gani kiachwe kiliwe, ni sharti kwanza kujua ni kitu gani hakina budi kubaki, na jibu halilingani kutoka jengo moja hadi jingine.

Jumatatu, njiani

Basi liliondoka Malindi alfajiri, likapita Garsen na Witu, likafika Mokowe kukiwa na jua kali. Vizuizi vya ukaguzi ni vingi na kila mara abiria wanashuka kuonyesha vitambulisho. Kutoka Mokowe nilivuka kwa boti. Ni mwisho wa kaskazi, bahari imetulia, hewa ni kavu kwa kadiri ya Pwani, na mvua za masika hazijafika, nao ndio msimu ambao chumvi hujionyesha ukutani waziwazi.

Jumanne, Lamu

Kabla ya kwenda kwenye nyumba niliyoitiwa, niliutembea mji pamoja na mwashi mmoja mzee ambaye familia ile ilikuwa imemwomba anisaidie. Namwita mzee, naye aniita mwanangu, ingawa kwa mambo ya chokaa ingefaa niitwe mwanafunzi. Tulianza kwenye ngome, iliyoanza kujengwa baada ya vita vya Shela, kijiji jirani, na kukamilika mwaka 1821, ambayo ilikuwa jela hadi 1984 na sasa iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Zamani ilisimama ukingoni mwa maji. Leo iko nyuma, kwa sababu safu nzima ya nyumba za mbele ilijengwa juu ya ardhi iliyojazwa baharini. Jambo hili mwenye nyumba ya mbele hapaswi kulisahau, kwa kuwa msingi wake umekaa juu ya kifusi kilicholowa maji ya chumvi kila bamvua.

Namna chumvi inavyoula ukuta inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana watu wengi huilaumu bahari kwa ujumla kisha wakaishia hapo. Tumbawe lina vinyweleo vingi, na maji ya ardhini huvutwa navyo kwenda juu, kwa kawaida hadi usawa wa goti au kiuno, mpaka pale ambapo kiasi kinachopanda kinalingana na kiasi kinachokauka. Maji yale yamebeba chumvi iliyoyeyuka. Maji hukauka, chumvi hubaki. Ikibaki juu ya uso wa ukuta huonekana kama unga mweupe unaofagiliwa kwa ufagio, na haina madhara makubwa; ikibaki ndani ya vinyweleo, chembe zake hukua na kuzisukuma kuta za matundu yale hadi jiwe lipasuke. Isitoshe, chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani na kuyeyuka yenyewe pindi unyevu huo unapopita takriban asilimia 75, na ukishuka chini ya hapo hurudi kuwa chembe. Hewa ya Lamu huvuka mpaka huo mara kwa mara: usiku juu, adhuhuri ya kaskazi chini. Kwa hiyo ndani ya ukuta mmoja chumvi huyeyuka na kuganda, huyeyuka na kuganda, pasipo hata tone moja jipya la maji kuongezwa, na kila duru inabomoa kidogo.

Ukipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, utaona mstari wa madhara hayo karibu kila nyumba. Mzee alinionyesha kwa fimbo yake nyumba zinazopakana, moja ikiwa bado na chokaa ya asili na nyingine imepigwa saruji. Ile ya chokaa ilikuwa chafu, yenye madoa na mabaka, mwenyewe angeionea haya mbele ya wageni. Ile ya saruji ilikuwa safi kwa chini, na juu, karibu na dari ya baraza, lipu ilikuwa imefutuka kwa upana wa mkono mzima. Mzee hakusema neno. Aligonga kwa kifundo cha kidole, ukuta ukalia mtupu.

Jumatano, Mkomani

Nyumba ile ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Unaingia kupitia daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye mabaraza pande mbili, unatokea kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, na vyumba vinafuatana kwa upana usiozidi mita 3, kama ilivyo kawaida, kwa kuwa upana wa chumba cha Lamu hauamuliwi na tajiri bali na boriti ya mkoko. Juu, chumba cha ndani bado kina safu za zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za lipu iliyochongwa, kavu na nzima kabisa. Mashaka yako chini, katika chumba kinachopakana na kichochoro, ambacho ndugu mmoja alikitengeneza ili kipangishwe. Fundi aliyepewa kazi wakati ule, ambaye si wa Lamu, aliondoa chokaa yote hadi usawa wa bega, akapiga saruji, na juu yake akapaka rangi ya mafuta.

Dada mkubwa, ambaye ndiye anayeishi humo, alitukaribisha kwa kahawa na mara moja akaanza mashtaka. "Bwana mkaguzi, zamani za mama ukuta huu ulikuwa walia hapa," akagusa goti lake. "Kila mwaka kabla ya Ramadhani twapaka chokaa, yakesha. Tangu tuwekewe hiyo simiti ya kudumu, walia hapa," akagusa bega. Nilimwambia kwamba maelezo yake yanatosha kuandikia ripoti nzima. Saruji haikuyazuia maji kupanda. Ilizuia tu yasitoke. Yalipokosa njia ya kutokea katika sehemu ya chini, yaliendelea kupanda nyuma ya lipu hadi yakaipita, na sasa yamekaribia mahali ambapo vichwa vya boriti vimeingia ukutani. Jiwe linaweza kuliwa kwa miaka mingi kabla nyumba haijaanguka, lakini kichwa cha boriti kikioza, dari huja chini bila taarifa.

Tulifungua dirisha dogo katika lipu, la ukubwa wa kiganja, mzee akitumia patasi nyembamba na nyundo ndogo, bila haraka. Kwanza ilitoka rangi, ikavutika kama ngozi. Kisha saruji, unene wa sentimita mbili hivi, ngumu, ikabanduka kwa kipande kimoja, na nyuma yake kulikuwa kumeshikamana ganda la tumbawe lenye unene wa ukucha. Hapo ndipo kisa chote kilipo: saruji ni ngumu kuliko jiwe lililoishika, kwa hiyo chumvi iliposukuma haikuachana saruji na jiwe, liliachana jiwe na jiwe. Nyuma ya ganda hilo kulikuwa na unga wa rangi ya maziwa, mlaini, unaomiminika wenyewe, wenye vimeta vidogo vya chumvi. Mzee aliingiza kidole, kikazama hadi kiungo cha kwanza. Juu ya usawa wa bega, ambako chokaa ya zamani haikuguswa, nilikwangua pembeni mwa kiraka nikaona tabaka za kupaka zilizolaliana, nyeupe, nyeupe ya kijivu, moja ya buluu hafifu, nyingi kiasi kwamba kwa jicho tupu hazihesabiki.

Nilichukua unga kutoka kimo cha kifundo, cha kiuno na cha bega, nikautia katika maji safi ya dukani ya betri, nikadondoshea dawa ya nitrati ya fedha. Maji ya chupa zote yakawa meupe kama yametiwa maziwa, na ya bega yalikuwa meupe kuliko yote. Hilo ni thibitisho la chumvi ya bahari, na kwamba imejikusanya pale juu inakotoroka. Karatasi ya kupimia ilionyesha pia chumvi za nitrati, jambo lisilonishangaza: nyuma ya ukuta ule pana kichochoro chenye mtaro wa maji machafu, na punda hufungwa hapo kila jioni. Mkojo na samadi huzaa nitrati ardhini, nazo hupanda pamoja na maji. Nilipoeleza hayo, mpwa wa mwenye nyumba alicheka sana, kisha akakumbuka kwamba punda wale ni wake.

Alasiri tulipanda darini. Sakafu ya paa ni ya chokaa na kokoto, ya aina ile iliyopigwa kwa vijiti na safu ya watu hadi ikashikamana, na ingawa ina nyufa mbili haijavuja mahali pabaya. Birika la maji limefungwa vizuri, lakini mfereji mmoja wa kutemea maji umevunjika na unamwaga mvua moja kwa moja kwenye ukuta ule ule unaolalamikiwa, na hakuna aliyeutaja, kwa kuwa ni mambo ya juu na watu walikuwa wakitazama chini.

Alhamisi, Takwa na shimo la chokaa

Takwa, upande wa pili katika kisiwa cha Manda, hufikiwa kwa mkondo unaopita katikati ya mikoko, na boti haiingii maji yakiwa yamekupwa, kwa hiyo tulikwenda na kurudi kwa kufuata maji kujaa. Mji huu nao ulihamwa katika karne ya 17, na kaburi lake la nguzo lina mwaka 1094 wa Hijria. Watu wa Shela bado huja hapa kuomba mvua. Nilichotaka kukiona ni kuta za msikiti, ambazo zimekaa karne tatu karibu na maji ya chumvi bila paa na bila mtu wa kuzipaka, na ambazo kwa sehemu kubwa zimo katika hali nzuri kuliko chumba cha Mkomani. Sababu si siri. Upepo unapita pande zote, hakuna kitu kilichoziba uso wa jiwe, na chumvi hutokea nje ikasombwa na mvua ya kwanza ya masika.

Tuliporudi, mzee alinipeleka kuona chokaa yake. Tanuri lilikuwa limekwisha kuchomwa wiki zilizopita: magogo hupangwa kwa duara, mengi yakiwa ya minazi mikongwe, na vipande vya mawe hurundikwa juu. Moto unapofika karibu na nyuzi 900 za Selsiasi jiwe huitoa hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake, na kinachobaki kina uzani wa zaidi kidogo ya nusu ya ule wa kwanza. Jiwe hilo lililochomwa hutiwa maji, likafoka na kuchemka, kisha huachwa shimoni. Chokaa ya mzee imelala chini ya maji kwa miezi, nayo ilikuwa laini kama siagi chini ya mwiko. Ikishapigwa ukutani huirudia hewa ya kaboni polepole na kuwa tena kile ilichokuwa kabla ya moto, na kwa sababu hiyo haitakiwi kuharakishwa wala kukaushwa na jua. Mzee huifunika kwa magunia yaliyoloweshwa na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni. "Simiti yataka siku moja, chokaa yataka mtu," alisema, "na mtu ndiye hawataki kumlipa."

Nilimuuliza kuhusu boriti, kwa maana vichwa viwili au vitatu huenda vikahitaji kubadilishwa. Kaunti ya Lamu ndiyo yenye sehemu kubwa ya mikoko yote ya Kenya, lakini tangu marufuku ya ukataji miti ya 2018 wakataji wamepata taabu na bei haikurudi ilipokuwa. Ushauri wake ni kutafuta boriti kutoka nyumba iliyobomolewa, zilizokwisha kukauka, na kuziunga pale palipooza pasipo kuitoa boriti nzima. Nakubaliana naye, si kwa ajili ya gharama peke yake, bali kwa kuwa kuing'oa boriti moja kutoka ukuta uliokwisha kulegea ni kuutikisa ukuta wote.

Ijumaa, Shela

Baada ya swala tulikwenda Shela, ambako msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 una mnara unaoonekana kutoka baharini. Nilikuja kwa ajili ya mchanga. Mafundi wengine huchota mchanga wa ufuoni kwa kuwa uko karibu na haununuliwi, na kwa kufanya hivyo huweka chumvi ndani ya lipu mpya tangu siku ya kwanza. Mchanga wa vilima vya Shela nao haufai kuguswa kwa sababu nyingine: chini yake ndiko kuliko maji matamu yanayonywesha mji wa Lamu. Tumekubaliana mchanga uletwe kutoka bara kwa jahazi, na uoshwe kwa maji ya mvua kabla ya kuchanganywa.

Jumamosi, kikao

Ndugu wanne walikuwepo na wa tano alisikiliza kwa simu kutoka Mombasa. Huyo wa simu alitaka ukuta uwekewe vigae hadi dari, jambo analoliona safi na la kisasa. Nilimwonyesha kwa picha lile ganda la jiwe lililoshikamana na saruji, nikamwambia kwamba vigae vitafanya yale yale kwa haraka zaidi. Hakuridhika. Dada mkubwa akamwambia, "Wewe huishi humu, kaka," na mjadala ukaishia hapo, ingawa sidhani kama umekwisha.

Niliyoyaandika ni haya, kwa mfuatano wa kazi wenyewe. Mfereji wa paa utengenezwe wiki hii, kabla ya mvua, kwa kuwa ni kazi ya nusu siku na pasipo hiyo mengine ni bure. Punda wafungwe kwingine na mtaro wa kichochoro uzibwe nyufa zake; la pili linawahusu majirani pia, na mzee wa mtaa ataombwa aseme nao. Boriti zitegemezwe kwa nguzo za muda kabla ya patasi kugusa ukuta. Saruji itolewe kwa mkono, kuanzia juu kushuka chini, kwa vipande vidogo, na mahali ambapo inabanduka na jiwe lenyewe iachwe kwa sasa. Ukuta ukae wazi msimu mzima wa kusi, ukifagiliwa kwa brashi kavu kila wiki na unga ule ukipelekwa nje ya nyumba, usiachwe sakafuni ambako utarudi ukutani. Sehemu iliyojaa chumvi kuliko zote, ile ya usawa wa bega, ibandikwe karatasi iliyolowekwa na kupondwa pamoja na udongo mweupe, iachwe ikauke kabisa, kisha ibanduliwe na kutupwa pamoja na chumvi iliyoinyonya. Zoezi hilo lirudiwe mpaka maji ya kupimia yaache kuwa meupe sana.

Ndipo chokaa ipigwe, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri ile ya kabla yake ishike. Niliwaeleza kinaga ubaga kwamba lipu hiyo nayo itaanguka. Itaanza kuchubuka kwa chini baada ya miaka kadhaa, itapigwa upya, na itachubuka tena, kwa kuwa maji ya ardhini hayatakoma kupanda na hakuna dawa inayouzwa ambayo ningeiamini ndani ya ukuta wa mawe mchanganyiko wenye unene wa nusu mita. Zidaka za juu zisiguswe hata kwa brashi. Kaka wa Mombasa aliuliza basi faida ya kulipia kitu kitakachoanguka ni nini, na mzee, aliyekuwa kimya kikao chote, akamjibu kwamba chokaa iko shimoni kwake na jiwe la marehemu mama yake haliko shimoni kwa mtu yeyote.

Gharama ya awamu ya kwanza imegawanywa kwa watano. Mzee anataka vijana wawili wa kusaidia, na mmoja wao atakuwa yule mpwa mwenye punda, ambaye ameombwa pia abebe mchanga kutoka jetini.